Fundi wa Masafa Anajibu: Kuflashi redio ya DMR bila kulia

Habari zenu wadau wa masafa. Toleo lililopita nilichomekea mistari miwili tu kwamba redio za mkononi za DMR (mfumo wa redio za kidijitali) zinaweza kuwekewa fimwea huria, nikadhani itapita kimya kimya, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi mpaka nimeahirisha maswali ya antena (watu wa antena mnisamehe, zamu yenu inakuja). Kwa aliyeingia leo: fimwea ni ile programu inayoishi ndani ya redio yenyewe, ndo inaamua kitufe hiki kifanye nini, skrini ionyeshe nini, chaneli zipangweje. Ya kiwandani imefungwa, unaitumia ilivyo. Ya huria msimbo wake watu wanausoma, wanaoiandika ni wanaredio wa ridhaa wenzetu kwa muda wao wa ziada, na ukiitaka unaiweka mwenyewe mezani kwako kama fundi simu anavyoflashi simu. Nimechagua barua zilizobeba maswali ya wengine, na nimezipunguza kidogo maana wengine mnaandika kama mnatoa ushahidi mahakamani.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nina Quansheng UV-K5, nimeona vijana wanaiwekea fimwea mpya inatoa mpaka grafu ya masafa kwenye skrini. Kuna fimwea ya kuifanya iwe ya DMR? Kununua nyingine saa hizi siwezi na hii naipenda. (Mpenda Kelele)

JIBU: Marahaba. Hapana, haipo, na nakuomba usimwamini atakayekuuzia faili la namna hiyo. Chipu ya redio iliyomo humo, BK4819, kazi yake ni FM ya kawaida, na mikrokontrola yake ina nafasi ya programu kama kilobaiti 60 tu, ndani ya hizo 60 ndo wameshabana hiyo grafu unayoiona na mambo mengine kibao, kwa kweli nawavulia kofia. Lakini DMR sio tu sauti kugeuzwa namba. Chaneli moja ya upana wa kilohezi 12.5 inagawanywa kwa muda, watu wawili wanaitumia kwa kupokezana, huyu milisekunde 30 na yule milisekunde 30, kwa hiyo ukibana PTT (kitufe cha kuongelea) ukaongea, redio inawasha na kuzima transmita yake zaidi ya mara 16 kila sekunde moja na wewe hata hujui, na haitakiwi kukosea muda maana ikichelewa inamkanyaga mwenzako wa nafasi ya pili. Redio za DMR tunazozizungumzia leo zina chipu maalumu ya kazi hiyo, nyingi zina HR-C6000, MD-380 ya zamani ina HR-C5000. Yako haina. Fimwea inabadilisha akili, haioteshi kiungo.

Ila usikate tamaa, UV-K5 ni shule nzuri sana ya kuanzia. Unaizima, unabana PTT, unaiwasha huku umebana, taa ya tochi inawaka skrini inabaki tupu, hapo inasubiri faili. Ukikosea unarudia. Izoee hiyo kwanza, siku ukipata ya DMR mkono hautatetemeka.

SWALI: Mambo vipi fundi. Nataka kuingia kwenye OpenGD77, ile fimwea huria ya DMR, ila sielewi ni redio gani hasa. Mtu mmoja ananiambia nitafute GD-77, mwingine anasema hiyo imepitwa, mwingine ananiambia redio yoyote ya DMR inakubali. Nani mkweli? (Njia Panda)

JIBU: Poa. Wawili wa kwanza wote wana ukweli wao, wa tatu mkimbie.

OpenGD77 ilianzia kwenye Radioddity GD-77, jina lenyewe linasema, ikaja kuingia kwenye ndugu zake GD-77S, Baofeng DM-1801 na RD-5R. Hizo za kwanza zinatumia mikrokontrola ya NXP. Baadaye ikahamia kwenye familia nyingine inayotumia STM32, yaani TYT MD-UV380 na MD-UV390, Retevis RT3S ambayo ni MD-UV380 iliyobadilishwa jina tu, na Baofeng DM-1701 ambayo Retevis wanaiita RT84, na kama una redio ya gari MD-9600 nayo imo. Maendeleo mengi ya sasa yako upande huo wa STM32, kwa hiyo ukiwa unaanza leo ningekwambia MD-UV380 au mojawapo ya ndugu zake, lakini ukipewa GD-77 ya mkononi kwa mtu usiikatae, bado inafanya kazi freshi.

Sasa hapa ndo watu wanapoumia. Kila familia ina faili lake. La MD-UV380 haliendi kwenye DM-1701. Na kuna MD-UV390 Plus ya wati 10 ambayo kwa nje unaweza kuifananisha na 390 ya kawaida lakini ina faili lake peke yake. Toa betri, soma kibandiko cha nyuma, sio kile kilichoandikwa kwenye boksi wala alichokwambia muuzaji. AnyTone AT-D878UV, kabla hamjaniandikia, ni redio nzuri ila haimo kwenye orodha.

SWALI: Asante kwa safu nzuri. Redio yangu ya MD-UV380 inafanya kazi vizuri tu na fimwea ya kiwandani. Nikihangaika kuibadilisha napata nini? Naona kama watu wanapenda shida. (Bibi Shaka)

JIBU: Bibi yangu, kama imekutosha iache, hakuna anayekudai. Mimi nakupa sababu moja iliyonihamisha. Kwa fimwea ya kiwandani, kila kundi la mazungumzo unalolitaka kwenye ripita fulani (kituo kinachopokea mawimbi yako na kuyarusha tena mbali zaidi) unalitengenezea chaneli yake, ripita 5 mara makundi 8 tayari una chaneli 40 za kuandika kwa mkono kwenye kompyuta, na ukifika mahali pengine ukakuta ripita mpya huna la kufanya mpaka urudi kwenye laptop. Kwenye OpenGD77 ripita inakuwa chaneli moja tu na orodha ya makundi imening'inia chini yake. Unataka kundi ambalo hata hukulipanga? Bonyeza alama ya reli (#), andika namba, thibitisha, bana PTT. Unataka kuhama kutoka sloti ya 1 (zile nafasi mbili za kupokezana) kwenda ya 2, gusa nyota. Kwisha. Juu ya hapo kuna orodha ya waliosikika karibuni, unaona kolsaini (utambulisho wake wa leseni) na jina la anayeongea, nguvu ya kurusha unaishusha mpaka miliwati 50, na VFO ya kweli ambayo unaandika masafa na kuanza kazi palepale kama redio za zamani za analogi.

Wengine wanapenda shida ni kweli, hata mimi sijitoi.

SWALI: Mwalimu, naomba hatua kwa hatua, nimejaribu mara tatu kompyuta haioni redio kabisa. Natumia ile kebo ya UV-5R maana plagi zinafanana na inaingia vizuri. Nimebadilisha draiva mpaka nimechoka. (Kebo Imenishinda)

JIBU: Umejijibu mwenyewe kwenye mstari wa pili. Plagi zinafanana ila ndani ni vitu viwili tofauti. Kebo ya UV-5R ina kichipu kidogo ndani ya kichwa chake kinachogeuza USB kuwa siriali, redio ile inaongea siriali. MD-UV380 inaongea USB yenyewe moja kwa moja, kebo yake ni nyaya tupu zinazopitisha USB mpaka ndani ya redio. Ukiweka ya UV-5R kompyuta inakiona kile kichipu, inafurahi, inakwambia iko tayari, na nyuma yake hakuna kitu. Ungebadilisha draiva mpaka mwakani. Tafuta kebo iliyokuja na redio, au ya MD-380, na ichomeke kwenye tundu la kompyuta lenyewe, usipitie kwenye kigawanyio cha USB.

Haya, ukishaipata kebo usikimbilie kuflashi. Chaji betri ijae. Kisha soma kodiplagi yako ya kiwandani (faili lenye chaneli na mipangilio yako) kwa programu ya kiwandani, ihifadhi, maana ukihamia OpenGD77 kumbukumbu inapangwa upya na siku ukitaka kurudi utaitafuta hiyo kodiplagi kwa tochi. Utakuwa unatumia programu mpya inayoitwa CPS ya OpenGD77, ni ya Windows, inakuja na draiva zake, na kodiplagi ya zamani haiifungui hivi hivi, chaneli utaziandika upya au uziingize kwa faili za CSV.

Halafu sasa kuna jambo linalowachanganya wengi, CPS itakuomba umpe pia faili la fimwea rasmi ya kiwandani. Watu wananiuliza, si ndo tunaikimbia hiyo? Ngoja. Sauti ya DMR inabanwa kwa kodeki ya AMBE+2, na hiyo ni mali ya kampuni ya Marekani inaitwa Digital Voice Systems, haiko huria, waandishi wa OpenGD77 hawawezi kuigawa. Ila kodeki hiyo imo ndani ya fimwea ya kiwandani ambayo mtengenezaji wa redio anaitoa. Kwa hiyo wewe unalidanlodi faili la kiwandani mwenyewe, CPS inachomoa kipande cha kodeki humo, inakiunganisha na fimwea mpya wakati wa kuandika. Toleo la faili la kiwandani liwe lile lile lililotajwa kwenye maelekezo, sio jipya zaidi kwa kudhani jipya ndo bora, vipande vinatafutwa mahali maalumu ndani ya faili na toleo lingine vimekaa pengine.

Kuingia kwenye hali ya kupokea fimwea kwa MD-UV380: redio imezimwa, bana PTT pamoja na kitufe kilicho juu yake, washa huku umebana. Skrini inabaki nyeusi na taa ya juu inabadilishana nyekundu na kijani. Usishtuke na weusi wa skrini, ndo inavyotakiwa. Hali hii kompyuta inaiona kama kifaa kingine kabisa tofauti na redio ikiwa imewaka kawaida, ndo maana mtu anaweza kusoma kodiplagi vizuri halafu kuflashi kukagoma, ni draiva mbili hizo. Andika, subiri, usiguse kebo, usiende kupika. Ikimaliza zima, washa, utaona sura mpya.

Na kitu cha kwanza kabisa ikishawaka, kabla hujaweka hata chaneli moja, ni bekapu ya kalibresheni (vipimo vya kiwandani vya redio yako) na ya flashi (kumbukumbu yake nzima) kwa kutumia CPS. Weka mahali pawili. Nalirudia hili kwenye barua inayofuata maana nina kidonda.

SWALI: Fundi nisaidie nimekufa. Umeme ulikatika laptop ikazima katikati ya kuandika fimwea, betri ya laptop yangu ilishakufa siku nyingi. Sasa redio nikiwasha kimya, skrini nyeusi, haina hata mlio. Nimemwonyesha mtu kaniambia niitupe. (Nimezima Jumla)

JIBU: Usitupe! Na huyo aliyekwambia utupe angalia asije akawa ameinyemelea.

Ndani ya redio kuna programu mbili. Moja ni fimwea kubwa ambayo ndo imekatika katikati. Nyingine ni ndogo sana, butiloda, inaamka kabla ya yote, inatazama kama umebana vile vitufe, kama umebana inakaa kusubiri faili, kama hujabana inaikabidhi kazi fimwea kubwa. OpenGD77 haiigusi butiloda. Kwa hiyo redio yako inaamka vizuri kila unapoiwasha, inakabidhi kazi kwa maiti. Bana PTT na kitufe cha juu yake, washa, taa ikicheza nyekundu na kijani basi mgonjwa yuko hai, andika fimwea upya mpaka mwisho, ya huria au hata ya kiwandani ukiogopa. Taa isipocheza jaribu tena na betri iliyochajiwa, mara nyingi watu wanabana kitufe kisicho au wanaachia mapema. Barua tano zimekuja na kilio kama chako na wanne wameshaniandikia kwamba imerudi, wa tano bado anatafuta kebo.

Kinachoua redio kweli ni kalibresheni. Kila redio ikitoka kiwandani inapimwa yenyewe, namba zake zinaandikwa kwenye kumbukumbu: masafa yake yamekosea kiasi gani, kila kiwango cha nguvu kinahitaji nini, sauti ipanuke kiasi gani. Ni kama namba ya miwani yako, ya jirani haikufai hata kama fremu ni moja. Mimi redio yangu ya kwanza, GD-77, nilichukua bekapu ya flashi ya redio ya rafiki yangu nikaiandika kwenye yangu, kisa nilikuwa mvivu wa kupanga chaneli. Chaneli zilikuja zote, nikafurahi. Kumbe na kalibresheni yake ilikuja humo humo. Ikawa mimi nawasikia watu ila wao kwenye DMR wananipata vipande vipande, kwenye FM wanasema kama niko ndani ya pipa. Nilihangaika karibu wiki mbili, nikalaumu antena, nikalaumu ripita, nikamlaumu mpaka mwenye ripita. Na bekapu ya kwangu sikuwa nayo. Chaneli unaweza kuazima, kodiplagi azima, bekapu ya flashi nzima ya mtu mwingine usiiguse.

SWALI: Nimeflashi, imekubali, hongera kwangu. Sasa mbona nikibana PTT ripita hainijibu, na nikikaa kusikiliza ni kimya wakati taa ya kijani inawaka? Kabla ya kuflashi nilikuwa naongea vizuri. Nirudi kwenye ya zamani? (Taa Bila Sauti)

JIBU: Hongera kwako. Usirudi. Taa ya kijani inakwambia mawimbi yanaingia, kimya kinakwambia redio imeamua hayakuhusu. Umeandika chaneli upya kwa mkono na kuna kitu umekosea, na vitu vyenyewe ni vichache. Kala kodi, namba kati ya 0 na 15, ikikosewa ripita inakuona kama mpita njia. Sloti, 1 au 2, ukikaa kwenye 1 wakati mazungumzo yako 2 utaona taa tu. Kundi la mazungumzo lazima liwe lile linalopita kwenye sloti hiyo. Masafa ya kupokea na kurusha umeyageuza? Nimeona hiyo mara nyingi kuliko zote, mtu anaandika masafa ya kuingilia ripita kwenye nafasi ya kupokelea.

Kwenye OpenGD77 unaweza kulegeza kichujio ili redio isikilize kila kitu kinachopita bila kujali kundi wala sloti. Fanya hivyo kwa muda, utasikia kuna nini, skrini itakuonyesha namba ya kundi, ndo urudi kurekebisha chaneli. Jambo hili lina historia yake. Mwaka 2016 Travis Goodspeed alionyesha jinsi alivyochomoa fimwea ya kiwandani kutoka kwenye MD-380 ingawa ilifungwa isisomwe, na moja ya vitu vya kwanza watu walivyoongeza humo kilikuwa hicho hicho, redio isikilize makundi yote. Hamu ya kusikiliza ya jirani haikuanza leo.

Na umeandika DMR ID yako? Ukiweka fimwea mpya na kodiplagi mpya, ile namba ya tarakimu 7 haijiandiki yenyewe. Mitandao mingi ya ripita haikupitishi bila namba iliyosajiliwa, na namba hiyo unaipata kwa kuonyesha leseni yako, sio kwa kubuni, maana ukibuni kuna mtu sehemu fulani duniani atasikia kolsaini yake inaongea lugha asiyoijua.

SWALI: Habari mwandishi. Mimi sioni kabisa, kaka yangu ndo ananisomea safu yako na ndo anayeandika hii. Natumia redio ya analogi kwa sababu za DMR zina menyu nyingi na kila kitu kiko kwenye skrini. Kuna njia? (Masikio Yangu Macho Yangu)

JIBU: Dada, au kaka, kaka yako hakuniambia, barua yako ndo iliyonifanya nitoe safu nzima kwa jambo hili. Ndiyo, ipo, na kwangu mimi ndo kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo OpenGD77 imefanya. Fimwea hiyo inaongea. Unahamia chaneli inakutamkia jina lake, unaingia kwenye menyu inakusomea ulipo, inakutajia masafa, kundi, voltaji ya betri. Kuna viwango kadhaa, kuanzia kimya, mlio tu, mpaka kuongea kila kitu bila kuombwa. Sauti zenyewe ni faili tofauti ambalo linaingizwa kwa CPS baada ya fimwea kukaa, na yapo ya lugha kadhaa, ila ukiflashi tu bila kuliingiza redio haitasema neno, hapo ndo wengi wanadhani imegoma.

Kaka yako akusaidie mara ya kwanza, akishapanga chaneli na faili la sauti utabaki peke yako na redio yako. Na msikieni wote hili, GD-77S ni redio ambayo haina skrini hata kidogo, ilitoka hivyo kiwandani, ina kirungu cha kuzungushia na vitufe tu. Kwa fimwea ya kiwandani ilikuwa redio ya chaneli chache za kukariri. Kwa kuongea ikawa redio kamili. Ukiiona mahali ya bei nzuri ichukue, kwako itakuwa na maana kuliko kwa mtu mwenye skrini kubwa ya rangi.

SWALI: Fimwea ya kiwandani ya redio yangu ina usimbaji, mazungumzo yetu mimi na wenzangu hayasikiki na mtu. OpenGD77 nimetafuta sioni. Imefichwa wapi? (Siri Yetu)

JIBU: Haijafichwa, haimo, na haitaingia. Kanuni za Redio za ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), kifungu cha 25.2A, zinasema mawasiliano ya stesheni za ridhaa za nchi tofauti yasifichwe maana, isipokuwa amri za kuongozea satelaiti, na sheria za ndani za nchi nyingi zinafuata mkondo huo huo hata kwa mazungumzo ya ndani. Kama mna biashara ya siri chukueni leseni ya biashara na masafa yake. Kuna pia mpangilio wa mipaka ya bendi ndani ya OpenGD77 unaozuia kurusha nje ya masafa ya ridhaa, tafadhali usiwe wa kwanza kuuzima. Kufungua fimwea hakufungui leseni.

SWALI: Fundi, hivi kwa nini mnaiita huria wakati umesema kodeki imefungwa? Na nimesikia kuna nyingine OpenRTX na kitu kinaitwa M17, ndo kipi? (Mchokonozi)

JIBU: Swali la kichokozi na lina haki yake. Hata ukiacha kodeki, leseni ya OpenGD77 ya sasa inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo watu wa programu huria wenye msimamo mkali watakwambia hiyo sio huria, ni msimbo unaosomeka tu. Mimi naelewa pande zote, aliyeandika kwa miaka usiku akaona mtu anauza kazi yake ndani ya redio ana sababu ya kukasirika, ila neno lina maana yake.

OpenRTX iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, hiyo haina ubishi. Inaingia kwenye baadhi ya redio hizi hizi, MD-380, MD-UV380, GD-77, na imeandikwa ili iweze kuhamishwa kwenye redio nyingine kwa urahisi. Lakini usiiweke ukitegemea kupiga DMR kama kwenye OpenGD77, kiu yake ni M17. M17 ni mfumo wa kidijitali ulioanzishwa na wanaredio wa ridhaa kuanzia 2019, aliyeuanzisha ni Wojciech Kaczmarski wa Poland, na nguzo yake ni kodeki ya Codec 2 ya David Rowe wa Australia, ambayo iko huria kabisa, hakuna wa kumwomba ruhusa. Mwendo wake ni biti 9600 kwa sekunde, sawa na DMR, ila haupokezani sloti. Na kolsaini yako inasafiri ndani ya mawimbi yenyewe, imebanwa kwenye biti 48, hivyo hakuna kusajili tarakimu 7 popote, kolsaini ndo kitambulisho. Kitu kizuri mno hiki, sijui kwa nini DMR tulikubali kugeuzwa namba.

Tatizo ni kwamba kwenye MD-380 na MD-UV380 kuweka fimwea peke yake hakutoshi kupata M17, inabidi ufungue redio uchomelee kwa solda, kuna njia za sauti ndani ambazo hazifiki kwenye mikrokontrola zilivyo. Sehemu zenyewe ni ndogo kama chembe ya sukari. Kama hujawahi kushika pasi ya kuchomelea usianzie hapo, anzia kwenye redio mbovu.

SWALI: Nikiweka hiyo fimwea nguvu itaongezeka? Nataka nifike mbali. (Wati Nyingi)

JIBU: Haiongezeki. Ipandishe antena. (Watu wa antena mmeona, nimewakumbuka.)

SWALI: Nina GD-77 imekaa kabatini tangu ninunue redio mpya, skrini ina mkwaruzo na betri inashika saa mbili tu. Ina kazi yoyote au nimpe mtoto achezee? (Kabatini)

JIBU: Mtoto atafutiwe kingine. Weka OpenGD77, kisha iunganishe kwa kebo yake ya USB na Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Pi-Star (mfumo wa hotspoti za redio), chagua hali ya hotspoti, na hiyo redio inageuka kuwa modemu. Yaani programu ya MMDVMHost kwenye Pi inaongea na intaneti, GD-77 inaongea na redio yako mpya hewani, na wewe ukiwa sebuleni mbali na ripita yoyote unaingia kwenye makundi ya dunia nzima. Mkwaruzo wa skrini haukuhusu tena.

Viwili tu. Shusha nguvu mpaka mwisho wa chini kabisa, maana redio ya mkononi haikutengenezwa kurusha mfululizo na watu wa kundi 91, lile la dunia nzima, wanaongea bila kupumua, ikiwa kwenye wati 5 utaikuta inaunguza vidole. Na hiyo betri inayoshika saa mbili haitafaa kwa kazi ya kutwa nzima, tafuta nyingine. Chagua masafa ambayo hayamkeri mtu, na antena ndogo kabisa uliyonayo inatosha, unarusha kutoka mezani kwenda kwenye kochi.